Kabla ya kuchagua mtindo wa kucha, angalia mikono yako inashinda wapi

Mama anayepasua sangara kwenye soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, na karani wa ofisi ya Barabara ya Nyerere wanaweza kukaa viti vya jirani katika saluni moja, wakachagua picha ileile kwenye simu ya fundi na kutoka na kucha zinazofanana. Wiki mbili baadaye karani bado anapendeza. Mama wa samaki anakuja kwetu kliniki ya ngozi, ukucha umeachia upande na chini yake kumekuwa kijani. Fundi alikuwa mmoja na dawa ilikuwa moja. Kilichowatofautisha ni maji.

Ukucha ni tabaka za keratini, protini ileile iliyomo kwenye nywele. Unaonekana mgumu lakini unanyonya maji: ukiloa unatanuka, ukikauka unasinyaa. Anayeosha vyombo vya mama lishe au kushika dagaa wabichi tangu alfajiri anaupitisha ukucha kwenye mzunguko huo mara nyingi kwa siku, ndiyo maana ncha zinachanika tabaka kwa tabaka. Ukucha wa mkono hukua kama milimita 3 kwa mwezi, hivyo ukiharibika mpaka kwenye shina utasubiri takribani miezi 6 upate mzima. Wa mguu huchukua mwaka hadi mwaka na nusu. Hakuna mafuta yanayoponya sehemu iliyokwisha kuota. Yanailainisha tu isikatike zaidi.

Kwa mikono ya majini, basi, ushauri wangu ni mfupi na najua hauvutii: kata kucha fupi kwa kufuata mviringo wa kidole, piga msasa mwororo kuelekea upande mmoja, paka mafuta ya nazi au ya mgando usiku. Ukitaka kung'arisha, ng'arisha kidogo, maana kila msuguo unapunguza unene wa ukucha. Wanaofanya kazi kwenye viwanda vya samaki hawana hata haja ya kujadili, kwani usafi wa chakula unataka kucha fupi zisizo na rangi.

Kuna jambo moja ambalo mafundi wengi wanalifanya kwa nia njema, nalo ndilo linatuletea wagonjwa wengi: kukata ile ngozi nyembamba inayoshikana na shina la ukucha. Mteja anaona pamesafishwa. Kumbe ngozi ile ndiyo inayoziba mlango. Ikiondolewa, maji ya samaki na sabuni vinapenya, bakteria na fangasi vinafuata, na kidole kinavimba, kinauma, wakati mwingine kinatunga usaha. Mwambie fundi tangu mwanzo: "Usinikate ngozi, isukume tu." Kama ana mkasi aliotoka kumkatia mwingine, muombe auoshe kwa sabuni kisha auloweke kwenye spiriti. Au nunua vifaa vyako. Bei yake hailingani na gharama ya kutibu kidole.

Rangi ya kawaida inawafaa wengi. Vijana wanaopita mitaani na vikapu, wakigonganisha chupa ili tuwasikie, wanaweza kukupaka vizuri kabisa, ila wasikuloweke kwanza. Ukucha uliolowa umetanuka. Ukishakauka na kusinyaa, rangi inapasuka. Tanguliza rangi ya msingi isiyo na rangi, hasa ukipaka nyekundu, ili kucha zisibaki za njano. Wanaotawadha wanajua wenyewe kwamba rangi inazuia maji kufika, na wengi wao huchagua hina. Hina halisi haina neno. Piko nyeusi ni habari nyingine: mara nyingi ina kemikali ya PPD ya kutia nywele weusi, na inaweza kuunguza ngozi vibaya.

Jeli inayokaushwa kwa taa inamfaa mwenye kucha nzima na mikono mikavu. Inakaa vizuri wiki mbili. Ikianza kuinuka pembeni usiongeze gundi, kwa sababu maji yamekwisha kuingia na ule ukijani ni bakteria wanaostawi humo. Jeli isiguse ngozi, na ikauke sawasawa. Jeli mbichi ina viambato vya jamii ya methakrileti, na mwili ukishavikataa huwa haurudi nyuma: vidole vinawasha na kupasuka, pengine hata kope, kwa kuwa tunajigusa usoni. Viambato vya jamii hiyo vimo pia katika baadhi ya dawa za kuziba meno, kwa hiyo mzio wa saluni unaweza kukufuata hadi kwa daktari wa meno.

Kuivua ndiko kunakoharibu zaidi kuliko kuivaa. Loweka kwa asetoni dakika 10 hadi 15 mpaka ilegee. Ukiibandua kwa meno, inatoka na tabaka la ukucha wako.

Kucha ndefu za akriliki sizipendi kwa mtu anayefanya kazi za mikono. Zikigonga ndoo, zinanyanyua ukucha wa asili kutoka kwenye nyama iliyo chini yake. Ikiwa dawa ina harufu kali mno, imekuwa ngumu kama jiwe na asetoni haiilegezi, huenda ni kemikali ya akriliki iitwayo MMA, ambayo mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliichukulia hatua tangu miaka ya 1970 kwa kuharibu kucha.

Mwenye kisukari asikatwe ngozi wala asisuguliwe miguu kwa wembe. Anayekwenda kufanyiwa upasuaji avue rangi, kwa sababu kifaa cha kupima oksijeni hubanwa kidoleni na rangi nyeusi au ya buluu inaweza kukidanganya.

Na rangi ikitoka, tazama kucha zikiwa tupu japo siku moja. Mistari ya kahawia ni ya kawaida kwetu watu weusi, hasa ikiwa kwenye vidole kadhaa. Mstari mmoja mpya kwenye kidole kimoja, unaopanuka au kuchafua ngozi ya pembeni, usiufunike kwa rangi nyingine; uonyeshe kwa daktari wa ngozi.