Mteuliwa wa ujaji ni mwombaji kazi, si mshtakiwa

Kila likizuka swali kuhusu mwenendo wa mtu aliyeteuliwa kuwa jaji, hakosekani wa kusema: "Mwacheni, hana hatia mpaka mahakama imtie hatiani." Ilisemwa sana mwaka 2018 kuhusu Brett Kavanaugh, aliyeteuliwa kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani kisha akatuhumiwa kumshambulia msichana kingono enzi za ujana wake. Wiki hii nimeisikia tena hapa Dodoma, na aliyeisema ana shahada ya sheria. Mimi ni afisa utumishi. Kuajiri ndiyo kazi yangu, na kwa hili sinyamazi tena.

Someni Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba yetu. Inamlinda mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai, kwa sababu anaweza kupoteza uhuru wake. Anayeomba kazi hajashtakiwa. Akinyimwa nafasi anarudi alikokuwa. Robert Bork, naye mteuliwa wa Mahakama ya Juu ya Marekani, alikataliwa na Seneti mwaka 1987 kwa kura 58 dhidi ya 42, akarudi kwenye kiti chake cha ujaji wa rufaa. Kavanaugh alipita kwa 50 dhidi ya 48; angeshindwa, naye angebaki jaji wa rufaa. Hiyo ni adhabu gani?

Kwenye ajira, anayetakiwa kuthibitisha ni mwombaji. Chukueni tangazo la Dereva Daraja la II kutoka Sekretarieti ya Ajira: cheti cha kidato cha nne, leseni daraja E au C, wadhamini watatu, nakala zilizothibitishwa na mwanasheria, na uzoefu wa kuendesha gari "bila kusababisha ajali". Bila kusababisha ajali, basi! Hakuna anayedai kwanza iletwe hukumu ya mahakama. Mdhamini akisita kwenye simu, jopo linauliza zaidi, na likibaki na shaka linamchukua anayefuata kwenye orodha. Dereva wa Chamwino anapimwa hivyo, halafu atakayeamua kesi ya mauaji apimwe kwa kipimo chepesi zaidi?

Tena dereva huyo ana kipindi cha matazamio, kwa kawaida mwaka mmoja. Akiharibu, haingii kwenye ajira ya kudumu. Jaji wa Mahakama Kuu hana matazamio. Akishaapa, anakaa mpaka miaka 60, na kumwondoa kwa utovu wa nidhamu kunahitaji Rais aunde tume maalumu ya kumchunguza. Naikubali kinga hiyo kwa moyo wote, maana jaji anayeogopa kufukuzwa hawezi kuihukumu Serikali. Lakini ndiyo inayofanya mlango wa kuingilia uwe mahali pekee pa kuuliza maswali magumu bila kugusa uhuru wa Mahakama. Ukishafungwa, umechelewa.

Sasa wengi watakimbilia upande wa pili: basi tetesi yoyote itoshe. Hapana. Mwaka 2017 Rais Magufuli alikabidhiwa hapa Dodoma ripoti ya uhakiki wa vyeti yenye majina ya watumishi 9,932 waliodaiwa kuwa na vyeti vya kughushi. Wapo waliokata rufaa na vyeti vyao vikaonekana halali. Mtu asikilizwe kabla jina lake halijachafuka. Mimi hutaka lalamiko liwe na tarehe, mahali na mtu aliye tayari kuulizwa. Hata hivyo, kuna waathirika ambao hawatathubutu kujitaja mbele ya mwenye cheo, na kwao sijapata kanuni inayoniridhisha.

Usaili wenyewe pia siuamini kama wengi wanavyouamini. Msemaji mzuri hutupita kirahisi. Kenya huwahoji waombaji wa ujaji hadharani, jambo ninalolipenda, lakini mwaka 2011 Willy Mutunga, aliyekuwa akiomba nafasi ya Jaji Mkuu, aliulizwa kuhusu hereni yake. Hereni! Dakika hizo zingetumika kuchambua maandishi yake.

Kwetu, kwa Ibara ya 109, Rais huteua baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Sifa za msingi ni shahada ya sheria na miaka kumi ya sifa za kitaaluma, kama uhakimu au uwakili, na sharti la miaka hiyo Rais anaweza kulitengua. Upekuzi hufanyika, ila mwananchi hauoni. Hakuna haja ya kubadili Katiba ili Tume itangaze majina kabla ya kushauri, ipokee malalamiko yenye saini, isome hukumu kadhaa za mteuliwa aliyekuwa hakimu na nyaraka za kesi za aliyekuwa wakili, iwapigie simu mawakili walioshindwa mbele yake, kisha imwite ajibu yote kabla jina lake halijakwenda Ikulu.