Uzio mgumu si uzio salama

Vijiweni Ngamiani, Tanga, vijana wa bodaboda wakitazama kwenye simu mbio za spidwei, yaani pikipiki zinazozunguka njia ya udongo yenye umbo la yai, hoja huwa ileile: wangejenga ukuta wa zege kuzunguka njia, dereva asingepenya. Kweli, asingepenya. Ila pale kinachomuua mtu ni kusimama ghafla.

Piga hesabu. Mtu anayekwenda kilomita 60 kwa saa akisimamishwa ndani ya sentimita 5, wastani wa nguvu inayompiga ni mara 10 ya ile ya kusimamishwa ndani ya sentimita 50. Kasi haikubadilika, umbali wa kusimama ndio umebadilika. Ndiyo maana kwenye kona za viwanja vingi vikubwa huwekwa uzio wa hewa, yaani mito mikubwa iliyojazwa upepo, inayobonyea mtu anapoiparamia. Mbishi na aangushe yai kwenye saruji, kisha jingine kwenye mchanga wa ufukweni Raskazone. (Mayai yenyewe bei, lakini basi.)

Pikipiki hizo hazina breki, na hilo nalo huitwa wazimu. Wanakimbia wanne wakifuatana kwa karibu. Wa mbele angekuwa na breki akaishika ghafla, wa nyuma angempanda. Dereva akianguka, kamba aliyofunga mkononi huvuta swichi na injini huzimika.

Helmeti nayo ni vivyo hivyo. Gamba la nje ndilo tunalolisifia, lakini povu gumu la ndani ndilo linalobonyea badala ya fuvu, na likishabonyea halirudi. Helmeti iliyowahi kupiga lami kwa kishindo, hata iking'aa, imeshamaliza kazi yake.