Kabla hujatia sahihi fomu ya kukubali kushiriki: maswali na majibu kuhusu utafiti wa tiba

Kama madaktari tayari wanaiamini tiba fulani, ya nini kuifanyia utafiti tena?

Mfano mzito kuliko yote ninaoujua ulitokea hapa kwetu, katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, zikiwemo za Kilifi, Mbale, Soroti na Muheza mkoani Tanga. Miongozo ya tiba ilikuwa ikielekeza kwamba mtoto anayefikishwa hospitali na homa kali, mikono na miguu imepoa, moyo unakwenda mbio, atundikiwe haraka dripu ya maji mengi ili damu izunguke vizuri. Hospitali za nchi tajiri zilifanya hivyo kwa miaka, na ilionekana ni jambo lililokwisha kujulikana.

Utafiti uitwao FEAST, ulioongozwa na Profesa Kathryn Maitland kutoka kituo cha utafiti cha Kilifi, uliamua kulipima. Watoto waligawanywa makundi matatu. Kundi moja walipewa maji ya chumvi kwa haraka, la pili wakapewa albumini, ambayo ni protini ya damu, nayo kwa haraka. La tatu walibaki na dripu ya kawaida ya polepole. Wote walipata dawa za malaria, antibayotiki, oksijeni na kuongezewa damu kadiri ya hali zao. Watafiti wenyewe walitarajia maji ya haraka yataokoa watoto wengi zaidi.

Ikawa kinyume. Ndani ya saa 48 walifariki asilimia 10.6 ya waliopewa albumini, asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi, na asilimia 7.3 ya wale ambao hawakupewa maji ya haraka kabisa. Yaani katika kila watoto 100, karibu watatu zaidi walipotea upande wa tiba iliyoaminika. Januari 2011, watoto 3,141 wakiwa wameshaandikishwa, kamati huru inayofuatilia takwimu ilishauri kazi isimame, na matokeo yakachapishwa mwaka huohuo. Bila kundi la kulinganisha tusingejua mpaka leo. Wodini, mtoto akipona tungesema maji yamemsaidia, na akifariki tungesema ugonjwa ulikuwa mkali.

Angalizo muhimu kwa mzazi: matokeo haya hayamhusu mtoto anayeharisha. Watoto wa kuhara hawakuingizwa kwenye FEAST. Mtoto anayeharisha anahitaji maji: mpe ORS na zinki, umuwahishe kituo cha afya.

Kwa nini wagonjwa wagawanywe kwa bahati nasibu? Si daktari achague anayefaa?

Daktari ni binadamu. Akiachiwa achague, tiba mpya atampa yule aliyezidiwa zaidi, au yule anayeona ana nafasi ya kupona, na hapo makundi hayalingani tena. Tofauti ikionekana mwishoni, hakuna atakayejua imeletwa na tiba au imeletwa na uchaguzi. Ndiyo maana hutumika bahasha zilizofungwa au kompyuta, na anayemwandikisha mgonjwa hajui kitakachotoka.

Wakati mwingine wanaogawanywa si watu bali hospitali nzima. Utafiti wa E-MOTIVE kuhusu kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ulihusisha hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Nusu ziliendelea na utaratibu wao. Nusu nyingine zilianza kutumia mfuko maalumu wa plastiki unaowekwa chini ya mama ili damu ijikusanye na kupimika, pamoja na hatua za matibabu zinazochukuliwa kwa mpigo badala ya moja baada ya nyingine. Kabla ya hapo wakunga wengi walikisia kwa macho, na damu iliyoingia kwenye khanga na mashuka haikisiki. Madhara makubwa yalipungua kwa asilimia 60, kwa mujibu wa matokeo ya 2023. Kwangu mimi huu ni miongoni mwa utafiti wenye faida ya karibu kabisa kwa mama wa kawaida, na kifaa chenyewe si mashine ya mamilioni.

Mwanangu anaweza kuchomwa sindano isiyo na kitu?

Inawezekana kwenye baadhi ya tafiti, na lazima uambiwe mapema. Lakini kwenye majaribio makubwa ya chanjo kwa watoto, kundi la kulinganisha mara nyingi hupewa chanjo nyingine yenye faida. Majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S, yaliyoanza 2009 katika vituo 11 vya Afrika, vikiwemo Bagamoyo, Korogwe na Kilifi, yaliwapa watoto wa miezi 5 hadi 17 wa kundi hilo chanjo ya kichaa cha mbwa. Utafiti wa KEN SHE nchini Kenya, ulioonyesha kwamba dozi moja ya chanjo ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani ya shingo ya kizazi, inawakinga wasichana kwa kiwango cha juu, ulitumia chanjo ya homa ya uti wa mgongo. Pale ambapo tiba inayofanya kazi ipo, kumnyima mgonjwa ili tu kupata kundi la kulinganisha hakukubaliki.

Damu mnayochukua inakwenda wapi?

Pwani yote habari za mumiani, wanaodaiwa kunyonya damu za watu, zinajulikana, na mtafiti anayemshangaa mzazi kwa kuuliza swali hili hajui kazi yake. Kiasi huandikwa kwenye fomu. Mara nyingi kwa mtoto ni mililita chache, kama kijiko kimoja cha chai.

Tuseme ni utafiti wa malaria. Tone nene la damu hupakwa kwenye kioo, huachwa likauke, hutiwa rangi ya Giemsa, kisha huwekwa chini ya hadubini inayokuza mara 1,000. Mtaalamu huhesabu vimelea, na sambamba huhesabu chembe nyeupe za damu mpaka zifike 200. Akipata vimelea 50, huzidisha kwa 40, akaandika 2,000 kwa kila mikrolita. Mtaalamu wa pili hukisoma kioo hichohicho bila kuona jibu la mwenzake, na wakitofautiana sana, anaitwa wa tatu. Damu iliyobaki inaweza kuzungushwa kwenye mashine, majimaji yake yatenganishwe na kuhifadhiwa kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri kwa vipimo vya baadaye. Kuhifadhi huko, na kusafirisha sampuli nje ya nchi, kunahitaji kibali, na fomu inapaswa kukuuliza kuhusu jambo hilo peke yake. Unaweza kukubali kipimo cha leo ukakataa hifadhi.

Mbona majaribio yaje kwetu? Tumefanywa panya wa maabara?

Swali hili lina haki yake. Kule Tuskegee, Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972, wanaume weusi wenye kaswende walifuatiliwa bila kutibiwa, hata baada ya penisilini kupatikana. Kanuni nyingi za leo zimetokana na uovu wa namna hiyo.

Lakini ugonjwa ulioko kwetu lazima utafitiwe kwetu. Mwaka 2005 ilijulikana kutokana na utafiti wa Asia kwamba artesuneti ya sindano inashinda kwinini kwenye malaria kali, ila wagonjwa wale wengi wao walikuwa watu wazima. Watoto wa Afrika je? Ikabidi watoto 5,425 wa nchi tisa, zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo, waingie kwenye utafiti uliochapishwa 2010. Vifo vilikuwa asilimia 10.9 kwa kwinini na 8.5 kwa artesuneti. Sindano ya artesuneti anayochomwa leo mtoto mwenye malaria kali imetoka huko.

Utafiti hauanzi bila kibali cha kamati ya maadili. Tanzania Bara hutolewa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na majaribio ya dawa hupitia pia TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Kenya, majaribio ya dawa huidhinishwa na Bodi ya Dawa na Sumu.

Nikitia sahihi, ndiyo nimejifunga?

Hapana. Unaweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu, na matibabu ya kawaida ya mtoto wako hayakatwi. Usiharakishwe. Una haki ya kuichukua fomu nyumbani, kumshirikisha mwenzako au mama mkwe, na kurudi kesho. Kwenye dharura utaratibu hubadilika: FEAST iliruhusu mzazi kukubali kwanza kwa mdomo, kisha aelezwe kwa kina hali ikitulia.

Uliza nani atagharimia matibabu mtoto akipata madhara, nauli inarudishwa au la, na matokeo mtaletewa lini. Ukipewa nakala ya fomu, tafuta namba ya simu ya kamati ya maadili. Hiyo si namba ya watafiti. Ni ya wanaowasimamia, na kuipiga hakuhitaji ruhusa ya mtu.