Lami au zege? Kwanza kokoto inatoka wapi

Swali ninaloulizwa kila siku ni hili, ati kati ya lami na zege kipi kinachafua mazingira kidogo, na mtu anataka jibu hapohapo amesimama. Mi nauliza kwanza: barabara gani, ya miaka mingapi?

Chukua kilomita moja, upana mita 7. Lami ya sentimita 5 ni kama tani 840 hivi, bitumini humo (ile gundi nyeusi inayoshika kokoto) ni tani 42 tu, ila tunaiagiza nje na mchanganyiko lazima upikwe mpaka digrii 150 na ushee. Sasa mwaga zege la sentimita 20, saruji inafika karibu tani 490, na saruji ina balaa lake, hata upate moto usio na moshi kabisa bado mawe ya chokaa yanayotengenezewa saruji yakiungua yanaachia hewa ukaa yenyewe. Siku ya kukata utepe zege lishapigwa bao.

Ila barabara inaanza kuishi siku hiyo. Ukihesabu miaka 40, lami itakwanguliwa na kumwagwa upya mara kadhaa, na pale basi zito linapofunga breki kila saa juani inalainika inaacha mifereji ya matairi, ndo maana njia za mwendokasi Kimara hadi Kivukoni ni zege. Halafu kuna magari! Barabara ikiwa mbovu yanakunywa mafuta zaidi, na penye malori mengi uchafu wa mafuta hayo unaweza kuzidi wa ujenzi wote. Ekseli ya tani 10 ukiipandisha 12 uharibifu unakuwa karibu mara mbili, kwa hiyo mimi mizani ya kupimia malori naihesabu kwenye mambo ya mazingira, wenzangu wananicheka wacha wacheke.

Nami nishaumbuka. Hesabu zangu za kwanza za mradi wa Dar niliacha umbali wa kokoto kilomita 30, namba ilikuja na programu toka Ulaya sikuigusa. Saiti nikamwonyesha dereva wa tipa, anayeleta kokoto toka Lugoba, zaidi ya kilomita 100, anarudi mtupu, na kila kilomita ya lami inataka safari kama 27 za tani 30. Akatazama skrini akacheka, "Injinia, kilomita 30 hapo si hata Kibaha hujafika?"