"Lakini Kwenye Ratiba Mmeandika Colosseum!"

Kila msimu wa ziara za Ulaya lalamiko ni lile lile. Basi linapita mbele ya Colosseum, ule uwanja wa kale wa Roma, watu wanapiga picha dirishani, safari inaendelea. Halafu mtu anatoa ratiba mkobani, anaweka kidole kwenye jina: si hii hapa? Ndiyo, ipo. Sasa rudi nyuma usome kitenzi kilichotangulia hilo jina.

Dhana kwamba mahali pakitajwa kwenye ratiba basi kiingilio kimelipwa ndiyo inayoharibu safari nyingi kuliko mvua na wezi wa mifukoni wakiwekwa pamoja. Ratiba ya ziara ya kikundi inauzwa kwa vitenzi. "Kuona" na "kupita" maana yake hushuki kwenye basi. "Kusimama kwa picha" ni dakika 15 au 20, nje. "Kutembelea" ndilo neno la kuogopa zaidi, kwa sababu linaweza kuwa ni kuzunguka nje huku mkisikiliza maelezo. Kinachokufikisha ndani ni "kuingia", au "kiingilio kimejumuishwa". Anayepita barabara ya Moshi siku isiyo na mawingu ameuona Mlima Kilimanjaro, hatudai ameupanda.

Si kila wakala anayeandika hivyo ni tapeli. Piga hesabu ya siku moja Roma. Makumbusho ya Vatikani pamoja na Kanisa la Sistina ni saa 3 ukienda haraka. Colosseum, na magofu ya Forum na kilima cha Palatino yaliyo jirani, ni saa 3 nyingine. Chakula cha mchana kwa watu 45 hakipungui saa moja na nusu. Kama usiku mnalala Florence, kuna kilomita karibu 280 zinawangoja. Ziara ya nchi tano kwa siku kumi ni ya kupita, na bei yake ni ya kupita.

Hapo husikika jibu: "Basi tutanunua tiketi mlangoni." Tangu Oktoba 2023 tiketi ya Colosseum hubeba jina la mwingiaji, na jina hilo lazima lilingane na la pasipoti. Aliyeandikishwa kwenye orodha ya kikundi kama "Mama Neema" atabaki nje na tiketi yake mkononi. Kasri la Neuschwanstein, Ujerumani, huingii kujizungushia mwenyewe: unapewa dakika yako ya kuingia, unaongozwa ndani kwa takriban dakika 35, na kuruhusiwa kupiga picha humo usahau. Kutoka kijijini chini kupanda kwa miguu ni kama dakika 40, na ukifika baada ya dakika yako kupita, tiketi imekufa. Mnara wa Eiffel nao, "kupanda" mara nyingi huishia ghorofa ya pili, yapata mita 116. Kileleni ni mita 276, kuna tiketi yake, na upepo ukizidi hufungwa.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, muulize wakala mambo matatu na akujibu kwa maandishi: tunaingia au tunabaki nje? Saa ngapi? Mpaka sehemu gani? Kisha shika kalenda. Louvre, makumbusho ya Paris, hufungwa Jumanne. Kasri la Versailles hufungwa Jumatatu. Makumbusho ya Vatikani hufungwa Jumapili, isipokuwa ile ya mwisho wa mwezi. Ratiba inayowapeleka Louvre Jumanne imeandikwa na mtu aliyenakili ya mwaka jana.

"Tuna tiketi ya kuruka foleni, tutaingia moja kwa moja." Mnaruka foleni ya kununua tiketi. Ya ukaguzi hairukwi na yeyote, na chupa za kioo na visu vya mfukoni ndivyo vinavyoichelewesha. Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro halina kiingilio kabisa, lakini foleni ya ukaguzi ipo. Mabega na magoti yafunikwe. Watu hununua mitandio ya bei mbaya pale nje wakati kanga moja mkobani inamaliza kesi, na jioni unajitanda nayo kwenye basi lenye kiyoyozi kikali.

"Basi litanisubiri." Halitasubiri, na dereva hana roho mbaya. Sheria ya Umoja wa Ulaya inampa saa 9 za kuendesha kwa siku (10 mara mbili kwa wiki), na akiendesha saa 4 na nusu lazima apumzike dakika 45. Usiku, kwa kawaida, anatakiwa kupumzika saa 11. Maana yake siku yake ya kazi ina saa 13: akianza saa 2 asubuhi, saa 3 usiku awe ameegesha. Kifaa ndani ya basi kinaandika kila kitu, na polisi wakikagua anayetozwa faini si wewe uliyekuwa unanunua mikoba. Tena sehemu nyingi basi haliruhusiwi kuegesha karibu. Venice, kwa mfano, linaishia Tronchetto, kwenye maegesho ya pembeni mwa mji. Kutoka hapo ni boti.

"Kiongozi wetu hajui kitu, akiingia ndani ananyamaza." Italia na Ufaransa maelezo ndani ya makumbusho na majengo ya kihistoria ni kazi ya mwongozaji mwenye leseni ya huko. Kiongozi wa msafara akiongea anavunja sheria. Muulizeni kwenye basi.

"Mona Lisa itakuwa kubwa kama ukuta." Mchoro huo maarufu wa Louvre ni sentimita 77 kwa 53, nyuma ya kioo, na mbele yako kuna simu mia moja zimeinuliwa.

Na viza. Ya Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, haikuingizi London. Mtanzania na Mkenya wanahitaji ya Uingereza kando, na ratiba ikiwa Paris, London, kisha Amsterdam, ile ya Schengen iwe ya kuingia zaidi ya mara moja. Tazama stika kwenye pasipoti siku unayokabidhiwa: kama pameandikwa 1 badala ya 2 au MULT, ukivuka kwenda London hurudi tena upande wa pili, na kikundi kitaendelea Amsterdam bila wewe.