Kwa Nini Kiingereza Husema "Did You Go?" na Si "Did You Went?"

Mwanafunzi wa Kiingereza akishakariri kwamba "go" katika wakati uliopita huwa "went", hujiona amevuka mlima, na ana haki ya kujiona hivyo, kwa sababu umbo hilo halikisiki kwa namna yoyote. Kisha siku moja anataka kuuliza swali, anaandika "Did you went?", na mwalimu anapiga mstari mwekundu chini ya neno lile lile alilolikariri kwa taabu. Kosa hili hufanywa na watu wanaofikiri sawasawa kabisa: jambo lenyewe limekwisha kupita, kwa hiyo kitenzi nacho kiwe katika wakati uliopita. Kinachowaponyoka ni mahali ambapo alama ya wakati hukaa ndani ya sentensi ya Kiingereza.

Alama hiyo huwekwa mara moja tu, nayo huwekwa kwenye kitenzi kinachotangulia. Kitenzi kikiwa peke yake, hakina wa kukisaidia, hivyo hubeba mzigo wote chenyewe: "I walked", "I went", "I saw". Kikitanguliwa na kitenzi kisaidizi "do", msaidizi huupokea mzigo huo, na kitenzi kikuu hurudi katika umbo lake la msingi, lile linaloandikwa katika kamusi. Sasa, "did" ni wakati uliopita wa "do". Mtu anapotamka "did" amekwisha kutangaza kwamba anazungumzia jambo lililopita, na akiongeza "went" anakuwa ametangaza jambo hilo hilo mara mbili. Ndiyo maana husemwa "Did you go?" katika swali, na "I did not go" katika kukanusha.

Mzungumzaji wa Kiswahili anaujua utaratibu wa namna hii, ingawa huenda hajawahi kuutazama. Tunasema "alikuwa anasoma", na kiambishi -li- kimekaa kwenye "kuwa", kitenzi kisaidizi, wakati "soma" imebaki na -na- yake bila kuhitaji kurudia kwamba jambo limepita. Tunasema "alisoma", lakini tukikanusha tunasema "hakusoma": -li- imeondoka na -ku- imeshika nafasi yake, wala viwili hivyo havikai pamoja kuonyesha wakati mmoja. Tofauti ni kwamba katika kukanusha sisi hufanya kazi hiyo ndani ya neno moja, na Kiingereza huigawa kati ya maneno mawili.

Iko sentensi moja inayoonyesha kanuni hii kwa sikio hata pale ambapo jicho halioni kitu. Kitenzi "read", yaani kusoma, huandikwa kwa herufi zile zile katika wakati uliopo na katika wakati uliopita, lakini hutamkwa tofauti: wakati uliopo ni "riid", wakati uliopita ni "red". Basi "I read the letter", kwa maana ya "niliisoma barua", hutamkwa "red". Ligeuze kuwa swali, "Did you read the letter?", na papo hapo matamshi yanarudi kuwa "riid". Herufi hazikusogea hata moja, ila irabu imebadilika, kwa sababu "did" imeuchukua wakati uliopita na kukiacha kitenzi kikuu kitupu. Kanuni hiyo hiyo ndiyo inayotawala wakati uliopo: "she goes" ina "s" mwishoni, lakini swali lake ni "Does she go?", kwa kuwa "s" hiyo imehamia kwenye "does". Anayesema "Did you went?" na anayesema "Does she goes?" wamekosea mahali pamoja.

Kiingereza hakikuwa hivi tangu mwanzo. Zamani kitenzi kikuu chenyewe kilirukia mbele ya kiima ili kuunda swali, na neno "not" lilifuata baada yake, bila msaidizi yeyote. Matumizi ya "do" kama msaidizi yalienea kwa kiasi kikubwa kati ya karne ya 15 na ya 17, na katika siku za Shakespeare, mwandishi wa tamthilia wa Kiingereza aliyezaliwa 1564 na kufariki 1616, njia zote mbili zilikuwa zinatumika kwa pamoja. Tafsiri ya Biblia ya Kiingereza iliyotolewa 1611 ina maneno "the world knew him not" katika Injili ya Yohana, sura ya 1, aya ya 10. Mwandishi wa leo angeandika "the world did not know him". Ukizilinganisha sentensi hizo mbili neno kwa neno, utaona "knew" ikivunjika vipande viwili: wakati uliopita umekwenda kwa "did", na maana ya kujua imebaki kwa "know".

Msaidizi huyu ana faida yake. Kiingereza kilikuwa kimepoteza sehemu kubwa ya viambishi vya zamani vya nomino, vilivyokuwa vikionyesha nani katenda na nani katendewa, na kazi hiyo ikaangukia mpangilio wa maneno: mtenda kwanza, kitenzi, kisha mtendewa. Chukua swali la mtindo wa kale, "Saw the king the child?" Msomaji anabaki na nomino mbili zilizofuatana baada ya kitenzi, na lazima akumbuke kwamba ya kwanza ndiyo mtenda. "Did the king see the child?" haina taabu hiyo, kwa sababu "did" imekwenda mbele kuashiria swali na kuwaacha mfalme, kuona na mtoto katika foleni yao ya kawaida.

Binafsi naona "did" inamhurumia mwanafunzi zaidi ya inavyomsumbua. Kiingereza kina vitenzi visivyofuata kanuni ya "-ed", na vingi kati ya hivyo ndivyo vinavyotumika kila siku. Utafiti uliochapishwa 2007 katika jarida la Nature ulifuatilia vitenzi 177 vya aina hiyo kutoka Kiingereza cha Kale na kukuta kwamba 98 bado vimeshikilia ukaidi wao hadi leo, vile vinavyotumika sana vikidumu zaidi. Hiyo "went" yenyewe ilikuwa mali ya kitenzi kingine, "wend", kabla ya kuhamia kwa "go". Lakini katika swali na katika ukanushi mtu hahitaji kukumbuka "bought", "caught" wala "taught", maana "buy", "catch" na "teach" zinatosha.

Yapo mazingira ambamo "did" haiji, na sababu zake zinaeleweka. Kitenzi "be" huenda mbele chenyewe, kama walivyofanya wote zamani: "Were you ill?", "She was not there." Tena, swali linapouliza kuhusu mtenda mwenyewe, neno la kuulizia ndilo kiima na limekwisha kukaa mbele, hivyo hakuna cha kupanga upya: "Who broke the cup?" Ukimjua mtenda na kutaka kujua alichovunja, msaidizi anarudi: "What did she break?" Linganisha "broke" na "break" katika maswali hayo mawili, kwa sababu hapo ndipo wengi huteleza.

Kinyume chake, "did" huweza kuingia katika sentensi isiyo swali wala ukanushi, pale msemaji anapotaka kusisitiza jambo linalotiliwa shaka. "I did see him" ni sawa na sisi tunaposema "kumwona nilimwona", na hapo pia ni "see", kamwe si "saw".

Kinachobaki ni sentensi inayowachanganya hata waliokwisha kuielewa kanuni: "What did you do?" Ndani yake mna "do" mbili, na mwanafunzi hushawishika kudhani moja imezidi. Ya kwanza ni msaidizi, haina maana ya kutenda, kazi yake ni kubeba wakati uliopita. Ya pili ndiyo kitenzi kikuu chenye maana ya kufanya, na imekaa katika umbo la msingi kama ambavyo "go" au "read" ingekaa. Jibu linapotolewa msaidizi haitwi tena, na kitenzi kikuu kinaubeba wakati wake chenyewe: "I did my work."