Kontrola ya Breki za Trela Si Breki

Katika gereji za Industrial Area na katika matangazo ya pikapu zinazouzwa hapa Nairobi, maneno "gari lina breki za trela" yamezoeleka mno, na mara nyingi hayana ukweli. Kinachokusudiwa karibu kila mara ni kontrola, yaani kijisanduku kinachofungwa chini ya dashibodi ya gari linalovuta, ambacho dereva akikanyaga breki huchukua umeme wa volti 12 kutoka kwenye betri na kuupeleka, kwa kiasi kilichopimwa, hadi kwenye breki za umeme za trela. Hiyo ndiyo maana yake. Kijisanduku hicho hakisimamishi gurudumu lolote, na kikifungwa kwenye pikapu inayovuta trela isiyo na breki za umeme, mwenye gari atakuwa amenunua taa ndogo ya dashibodi kwa bei kubwa.

Breki zenyewe ziko kwenye magurudumu ya trela. Ukifungua dramu ya breki hizo utakuta viatu vya breki kama vya gari la kawaida, ila mahali pa silinda ya mafuta pana mkono wa chuma wenye sumaku ya umeme kwenye ncha yake. Umeme ukifika, sumaku hung'ang'ania uso wa ndani wa dramu inayozunguka, dramu huivuta, mkono husogea, na viatu husukumwa kwenye dramu. Kwa hiyo nguvu nyingi ya kufunga breki hutoka kwenye mzunguko wa gurudumu lenyewe, na umeme kazi yake ni kuianzisha na kuipima. Ndiyo maana sumaku moja ya trela ya kawaida huridhika na takriban ampea 3, na trela ya ekseli mbili yenye sumaku nne hutumia takriban ampea 12 breki zikikamata kwa nguvu zote. Ufundi huu si mpya: A. P. Warner wa Beloit, Wisconsin, nchini Marekani, alikuwa tayari ameingia katika biashara ya breki za umeme za trela katika miaka ya 1920.

Trela nyingi ndogo zinazovutwa na pikapu katika barabara zetu hazina breki hizo. Nyingine hazina breki kabisa. Nyingine zina breki za msukumo, ambazo hufanya kazi pale trela inapoisukuma pikapu kwa nyuma na kukibonyeza kichwa cha kiungio chake, na hizo hazihitaji waya wala kontrola. Trela kubwa za malori ya Barabara ya Mombasa hutumia breki za upepo, ambazo ni habari nyingine kabisa. Fundi anayepokea kazi ya kufunga kontrola bila kuuliza trela ni ya aina gani hajamtendea haki mteja wake.

Kosa la pili ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu hufanywa hata na watu wanaoijua kazi. Kontrola yoyote yenye namba zinazowaka huitwa "ya uwiano", na ile namba inayopandishwa na kushushwa kwa kitufe huambiwa ndiyo uwiano wenyewe. Sivyo.

Uwiano unaozungumzwa hapa ni kati ya nguvu ya breki za trela na namna gari linalovuta linavyofunga breki. Katika kontrola za zamani uwiano huo ulipatikana moja kwa moja: bomba dogo liliunganishwa na mfumo wa mafuta ya breki ya gari, na kadiri dereva alivyokandamiza pedali, ndivyo shinikizo la mafuta lilivyoongeza umeme wa kwenda kwenye trela. Magari yalipoanza kuja na mfumo wa ABS, unaozuia magurudumu kukwama breki zinapokanyagwa, kuyaingilia mabomba hayo kukawa jambo la hatari, na kazi ya kupima ikahamishiwa ndani ya kijisanduku, kwanza kwa timazi inayoinama mbele gari linapopunguza mwendo, kisha kwa akselerometa, yaani kihisi kinachopima mabadiliko ya mwendo. Kwa hiyo kontrola ya uwiano huhisi jinsi gari linavyopungua mwendo. Ukigusa breki kidogo, trela nayo hufunga kidogo. Ukikanyaga kwa dharura, hufunga kwa nguvu. Hii pia ndiyo sababu nyingi kati yake hutakiwa kufungwa kwa kuelekea mbele ya gari na kwa pembe iliyotajwa katika maelekezo, jambo ambalo fundi hulipuuza anapobandika kijisanduku popote penye nafasi.

Kontrola ya muda haihisi lolote. Hujua tu kwamba taa ya breki imewaka, kisha hupandisha umeme hatua kwa hatua hadi kiwango kilichowekwa, uwe umegusa pedali kwa kidole au umeikanyaga kwa nguvu zote. Katika foleni ya Thika Road, ambako dereva hugusa breki kila baada ya mita chache, trela itakuwa inaishtua pikapu bila sababu, na siku mtoto akikatiza barabara mbele ya gari, breki za trela zitachelewa kidogo kwa sababu bado zinapanda ngazi zao. Kontrola hii pia inaweza kuwa na namba zinazowaka, na kwa macho haitofautiani na ile nyingine.

Namba ni kiwango cha juu tu cha nguvu ambacho trela inaruhusiwa kupewa. Huwekwa kwa kuendesha polepole, takriban kilomita 40 kwa saa, kwenye lami kavu na tambarare, huku ukisukuma kwa mkono kijiti cha kontrola kinachofunga breki za trela peke yake. Unapandisha namba hadi magurudumu ya trela yakaribie kukwama, kisha unaishusha kidogo. Mzigo ukibadilika, namba nayo ibadilishwe. Aliyeiweka akiwa amebeba mawe ya ujenzi na kurudi na trela tupu kwa namba ile ile ataburuta matairi. Kijiti hicho kina kazi nyingine njiani: trela ikianza kuyumba unaposhuka kutoka Rironi kuelekea Mai Mahiu, kukisukuma kidogo bila kugusa pedali huinyoosha.

Kuhusu nyaya sina mengi, kwa kuwa kwa kawaida ni nne tu: mweusi unatoka chanya ya betri kupitia sakiti breka (kifaa kinachokata umeme ukizidi), ya ampea 20 kwa trela ya ekseli moja au mbili, mweupe unakwenda hasi ya betri, mwekundu unaunganishwa upande wa swichi ya breki unaopata umeme pale tu pedali inapokanyagwa, na wa bluu unakwenda kwenye plagi ya trela. Huo wa bluu uangaliwe kwa makini. Rangi hiyo ni ya breki katika mpangilio wa Marekani, lakini katika plagi ya duara ya pini 7 yenye asili ya Ulaya, waya wa bluu kwa kawaida ni wa taa ya ukungu ya nyuma, na kuunganisha bluu kwa bluu kwa kuamini rangi kutapeleka umeme wa breki mahali pasipo na breki.

Anayeuza pikapu yake, basi, aandike kwamba ina kontrola ya breki za trela, na kama anajua, aongeze kama ni ya uwiano au ya muda. Mnunuzi naye, kabla ya kuilipia, ainame nyuma ya magurudumu ya trela yake atazame kama kuna nyaya mbili zinazotoka katika kila dramu.